Televisheni inakatakata? Tafuta ugonjwa kuanzia kwenye kiti chako hadi juu ya bati

Mama mmoja wa Panzi, hapa mjini Bukavu, aliniita nyumbani kwake akiwa amenunua antena tatu katika mwaka mmoja. "Papa fundi, hii nayo imekufa," aliniambia, akinionyesha ya tatu juu ya paa. Mchana picha ilikuwa safi. Jioni umeme ukikatika, watoto waliwasha televisheni kwa betri na konvetisa, ile mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani, na hapo skrini ikaandika kwamba hakuna signali. Nilifuata kebo kutoka nyuma ya dekoda hadi kwenye kile kiboksi kidogo kinachopeleka umeme kwa antena. Kilikuwa kimechomekwa kwenye prizi ya SNEL, shirika la umeme la Kongo. Umeme ulipoondoka, televisheni ilibaki hai, dekoda ilibaki hai, antena peke yake ikazimika. Nilihamisha plagi moja kwenye konvetisa na picha ikarudi. Antena mbili za kwanza zilikuwa zimeshatupwa, na zote mbili zilikuwa nzima.

Yule mama anauza unga sokoni. Najua ni mikebe mingapi ya unga hupimwa kabla antena moja haijapatikana, na ndiyo maana naandika haya kwa urefu. Antena husingiziwa makosa ya kebo, ya plagi, ya mlima, hata ya konvetisa. Kabla hujanunua chochote, tafuta.

Mwongozo huu ni wa antena ya kawaida inayopokea mawimbi kutoka mnara wa hapa duniani. Sahani za setilaiti zina mambo yake. Na kuna sharti moja la kushika tangu mwanzo hadi mwisho: badilisha kitu kimoja, angalia, kisha ndipo uguse kingine. Ukigeuza antena huku umebadilisha kebo na kufuta chaneli, hata kama picha itarudi hutajua ni nini kilichoiponya, na siku nyingine utaanza upya.

Uliza majirani kwanza

Piga hodi nyumba mbili, moja ya juu kidogo ya mlima na moja ya chini. Wote wakikosa chaneli ile ile kwa wakati ule ule, tatizo liko kwenye mtambo. Mitambo nayo hutegemea umeme na mafuta ya jenereta. Subiri, usiguse kitu. Lakini kama majirani wanatazama taarifa ya habari bila shida na wewe unaona miraba, ugonjwa ni wa nyumbani kwako au wa njia kati ya nyumba yako na mnara.

Ukiwa hapo kwa jirani, tazama pia antena yake imeelekea wapi, na vile vijiti vyake vimelala au vimesimama. Utavihitaji baadaye.

Soma skrini kabla ya kushika turnevisi

Zamani, kwenye televisheni ya analojia, antena mbaya ilionyesha chengachenga kama mchele unaomwagika, au sura mbili za mtu mmoja. Ungeweza kutazama hivyo hivyo ukivumilia. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa analojia kwenye bendi ya UHF, yaani masafa ya juu ya televisheni, na tangu hapo dijitali imeshika nafasi. Dijitali haina uvumilivu ule. Picha inabaki safi kabisa huku nguvu ikipungua kidogo kidogo bila wewe kujua, kisha inafika ukingoni na kuanguka: miraba, sauti ya kukatika, picha inayoganda, halafu giza. Ndiyo maana mvua ndogo tu inaonekana kuua televisheni iliyokuwa nzuri jana. Jana ilikuwa tayari imesimama ukingoni.

Fungua menyu ya dekoda, au ya televisheni kama ina dekoda ndani, utafute ukurasa wa kutafuta chaneli kwa mkono. Utaona mistari miwili: mmoja wa nguvu ya signali, mwingine wa ubora. Watu wengi hutazama wa nguvu peke yake. Wa ubora ndio unaosema ukweli. Isome hivi.

Nguvu ndogo na ubora mdogo: mawimbi hayafiki. Shuku kebo, busta (kikuza mawimbi) iliyokosa umeme, mwelekeo wa antena, au kitu kilichosimama mbele yake.

Nguvu kubwa, ubora mdogo au unaorukaruka: mawimbi yanafika yakiwa machafu. Hapo shuku mwangwi kutoka milimani, busta inayozidisha, au kelele ya vifaa vya umeme. Kuongeza busta nyingine katika hali hii ni kuongeza ugonjwa.

Mistari yote miwili sifuri kabisa, ghafla, bila mvua wala upepo: karibu kila mara ni fishi, ile plagi ya ncha ya kebo, iliyochomoka au kebo iliyokatika, au mtu amehamisha plagi.

Yote mizuri lakini chaneli fulani haionekani: antena haina kosa. Chaneli imehamia masafa mengine, au inalipiwa na muda wake umekwisha.

Kuna jambo moja linaloumiza ndugu zetu wanaotumiwa vifaa kutoka ng'ambo. Mfumo wa dijitali unaotumika kwetu unaitwa DVB-T2. Televisheni iliyotoka Marekani ina mfumo wa ATSC, iliyotoka Botswana ina ISDB-T, na dekoda ya zamani yenye DVB-T bila ile 2 haitaona kitu. Unaweza kupanda mnara wenyewe ukiwa na antena mkononi na bado skrini ikasema hakuna signali. Soma kibandiko cha nyuma. Kama hakuna neno T2, nunua dekoda yenye T2 na uache paa lako lipumzike.

Na jizuie kukimbilia kutafuta chaneli upya. Dekoda nyingi hufuta orodha ya zamani zinapoanza kutafuta. Ukifanya hivyo wakati kebo imechomoka, unapoteza hata zile chaneli ulizokuwa nazo, na sasa una matatizo mawili. Tafuta upya baada ya mistari ile miwili kupanda.

Kebo: hapa ndipo muda wako utumike

Katika nyumba ninazoingia, kebo hunipa kazi kuliko kitu kingine chochote. Imepita dirishani na kubanwa na ubao. Imepita chini ya ukingo wa bati na bati limeikata ngozi polepole kila upepo ukivuma. Imeunganishwa kwa kusokotwa kama waya wa taa. Kila moja ya hizo ni tundu la kuvujia.

Kebo ya antena ni ya ohm 75, na iliyo nzuri kwa paa ni ile nene iliyoandikwa RG-6. Hata hiyo nzuri, ikiwa na urefu wa mita 20, inakula karibu nusu ya nguvu ya mawimbi ya UHF kabla hayajafika sebuleni. Nyembamba inakula zaidi. Kwa hiyo usiache mita kumi za ziada zimekunjwa nyuma ya kabati kwa kufikiri zitakufaa siku moja. Kata, utie fishi mpya.

Kagua kwa mpangilio huu. Chomoa kebo nyuma ya dekoda uangalie ncha yake. Waya wa kati uwe unang'aa na umetoka kidogo, milimita 2 au 3 mbele ya ukingo wa fishi. Nyuzi za nje ziwe zimekunjwa nyuma zote. Unywele mmoja tu wa nyuzi hizo ukigusa waya wa kati, mawimbi yanakufa hapo hapo. Kama shaba imekuwa nyeusi au ya kijani, maji yameingia. Kata nusu mita uangalie tena. Ukiona bado nyeusi, kata tena. Ikiwa mita mbili zote ni nyeusi, kebo hiyo imekunywa maji kama utambi na hakuna dawa, ibadilishwe yote.

Kisha pitisha vidole kwenye kebo yote, polepole, huku mwenzako anatazama mstari wa ubora na kukuitia. Ukifika mahali ambapo ukiikunja kidogo ubora unaruka, umempata mwizi.

Mwenye mita ya fundi umeme ana njia ya haraka zaidi. Tenga kebo pande zote mbili, yaani kutoka kwa dekoda na kutoka kwa antena. Pima kati ya waya wa kati na nyuzi za nje: pasiwe na mawasiliano. Halafu, kwenye ncha moja, unga waya wa kati na nyuzi za nje kwa kipande cha waya, upime upande wa pili: sasa yawepo, ohm chache tu. Usipime huku antena imeungwa, kwa kuwa antena nyingi zenyewe huonyesha kama zimegusana na utahukumu kebo isiyo na kosa.

Pale kebo inapoingia ndani, ishushe kwanza chini kidogo ya tundu halafu uipandishe, iwe kama tumbo. Maji ya mvua yatadondoka kwenye tumbo hilo badala ya kufuata kebo hadi kwenye dekoda. Ni kazi ya dakika moja, na Bukavu ambako mvua zinaanza Septemba na kukuacha Mei, dakika hiyo inalipa.

Kama umegawa kebo kwa televisheni mbili, kumbuka kila moja inapata chini ya nusu. Ondoa kigawanyio, unga kebo moja kwa moja na televisheni moja, utazame. Ikipona, umejua.

Busta na umeme wake

Antena nyingi tunazonunua Kadutu, hasa zile zinazozunguka kwa rimoti, zina busta ndani. Busta inataka umeme unaopanda kwenye kebo ile ile. Kuna zinazotumia volti 5 kutoka kwa dekoda yenyewe, na hapo lazima uwashe umeme wa antena kwenye menyu. Kuna zinazotaka volti 12 kutoka kwenye kiboksi chake, na volti 5 za dekoda haziziamshi. Zima umeme wa antena kwenye menyu ikiwa unatumia kiboksi au antena isiyo na busta, maana zipo antena za kawaida ambazo zitaufanya umeme huo ugusane na dekoda italalamika.

Busta ikikosa umeme, mara nyingi inaziba njia kuliko kama isingekuwepo. Ndicho kilichomkuta mama wa Panzi. Vile vile kigawanyio kikiwekwa kati ya kiboksi na antena kinaweza kuzuia umeme usipande. Kiboksi kikae upande wa antena, kigawanyio kije baada yake.

Busta hukuza yote inayosikia, mawimbi pamoja na kelele. Mahali pake pazuri ni juu, karibu na antena, ili ifidie kile ambacho kebo itakula. Ukiiweka chini, nyuma ya televisheni, inakuza kilichokwisha kuharibika. Na kama kutoka dirishani unauona mnara kwa macho, jaribu kuiondoa kabisa. Nimeona ubora ukipanda kwa kuondoa busta mara nyingi kuliko nilivyotarajia nilipoanza kazi hii.

Kabla ya kupanda: radi na nyaya

Utafiti wa mwaka 2016 uliokusanya miaka 16 ya data za setilaiti uliiweka sehemu iliyopewa jina la Kabare, hapa mashariki mwa Kongo, kuwa ya pili duniani kwa radi: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Iliyotangulia ni Ziwa Maracaibo la Venezuela. Sisi wenyeji hatukuhitaji setilaiti kujua hilo, lakini nalitaja kwa sababu bado naona watu wakipanda bati kuzungusha antena huku ngurumo zinasikika upande wa mlima Kahuzi. Naomba, usipande. Ukisikia ngurumo moja, shuka. Chomoa kebo ya antena na plagi za umeme kabla mvua haijafika. Radi ikishafika karibu, usishike kebo hata ya kuchomoa.

Nguzo ya chuma iungwe kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini, na chuma hicho kiungwe na waya wa ardhi wa umeme wa nyumba. Hii haizuii radi kupiga moja kwa moja, ila inaondoa umeme unaojikusanya na kupunguza madhara ya radi za jirani.

Tazama nyaya za SNEL. Nguzo yako ikianguka upande wowote isiweze kuzifikia. Kwa hiyo umbali hadi kwenye nyaya uwe mkubwa kuliko urefu wa nguzo. Kwenye nyumba zetu zilizobanana za Kadutu, ambako waya wa umeme unapita juu ya bati la mtu, maana yake wakati mwingine ni kuchagua nguzo fupi, na hiyo ni sawa.

Mwelekeo, katika mji wa milima

Mawimbi ya UHF ya televisheni yako kati ya MHz 470 na 694. Urefu wa wimbi moja ni sentimita 43 hadi 64 hivi. Mawimbi mafupi namna hii hayajipindi vizuri kuzunguka mlima. Yanataka njia iliyo wazi. Aliye mtaa wa Muhumba, na ziwa mbele yake, na aliye bondeni nyuma ya kilima wanaweza kuwa na antena moja, kebo moja, na matokeo tofauti kabisa.

Antena ndefu yenye vijiti vingi huelekeza vijiti vifupi upande wa mnara, na ile sehemu pana kama wavu inabaki nyuma. Nimekuta zaidi ya mara moja imefungwa kinyume. Vijiti vilale au visimame kulingana na mtambo unaoutafuta, na hapo ndipo ulichokiona kwa jirani kinakusaidia. Ukikosea hili unapoteza sehemu kubwa ya mawimbi hata kama mwelekeo ni sahihi.

Mwenzako abaki ndani na menyu ya ubora ikiwa wazi kwenye masafa ya chaneli moja, ile dhaifu. Mwambie asubiri kidogo kila unaposimama, kwa kuwa dekoda inachelewa sekunde mbili tatu kuonyesha badiliko. Zungusha antena kidogo, kama upana wa vidole viwili kwenye ncha yake, simama, hesabu hadi tano, sikiliza namba. Endelea hadi umalize mduara mzima. Usiishie pale unapodhani mnara upo. Aliye bondeni, ambaye mlima umemziba, mara nyingine anapata ubora mzuri zaidi akielekeza antena kwenye mlima wa ng'ambo, kwa sababu mawimbi yanagonga kule na kurudi. Dekoda haijali yametokea wapi, mradi yawe safi.

Baada ya mwelekeo, jaribu urefu. Sogeza antena juu au chini kwa sentimita 20 au 30, na kushoto au kulia vivyo hivyo. Mawimbi yaliyokuja moja kwa moja na yaliyogonga bati, ukuta au maji hukutana, na mahali pengine yanasaidiana, mahali pengine yanauana. Wanaopokea juu ya maji ya Kivu wanalijua hili vizuri: asubuhi safi, jioni miraba, kwa sababu hewa juu ya ziwa inabadilika na mwangwi wa maji unabadilika nayo. Dawa yake mara nyingi ni kushusha antena kidogo, hata kama akili inasema ipandishwe.

Usiweke antena ndani ya dari chini ya bati. Bati ni ukuta wa chuma. Ikae juu ya bati, walau mita moja. Antena ya ndani ikae dirishani upande wa mnara, na dirisha lenye vyuma vingi ni baya.

Tazama pia kilichobadilika. Mikaratusi inakua haraka, na majani yenye maji hunyonya mawimbi kuliko makavu. Kama televisheni ni nzuri Julai na mbaya Novemba, na kebo haina maji, mti uko mbele yako. Au jirani amepandisha ghorofa.

Wapo wanaotaka stesheni za Bukavu na za ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, pamoja, wakaunga antena mbili kwenye kigawanyio kimoja kwa kukigeuza. Mara nyingi zinaharibiana. Tumia swichi ya kuchagua antena moja kwa wakati mmoja.

Mwisho, fungua kile kiboksi kidogo kwenye antena, mahali kebo inapofungwa. Utakuta kutu, maji, hata viota vya wadudu. Safisha, kaza visi (skrubu), ziba kwa silikoni, ila tundu la chini liache wazi ili maji yatoke.

Kelele za ndani ya nyumba

Kama nguvu ni kubwa na ubora unaruka saa fulani tu, zima kila kitu isipokuwa televisheni na dekoda. Taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, kidhibiti cha sola na konvetisa hutoa kelele. Washa kimoja kimoja. Konvetisa ikiwa ndiyo mkosaji, iondoe karibu na kebo ya antena, na zisipite pamoja. Simu za 4G nazo hutumia masafa ya jirani na televisheni. Aliye karibu na mnara wa simu na mwenye busta anaweza kuhitaji kichujio cha 4G, kinachowekwa kabla ya busta.

Picha ikishatulia, chukua kalamu isiyofutika. Nyuma ya dekoda andika masafa, namba ya nguvu, namba ya ubora na tarehe. Kwenye nguzo piga mstari wa rangi kati ya nguzo na kibano cha antena. Upepo ukiizungusha usiku mmoja, utairudisha kwenye mstari kabla chai haijachemka.